Mito Kumi na Mmoja Mpaka Ziwa Lifumbo

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, mzee Dionisi alisugua miguu yake. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kifudifudi uani kwa zahanati ya misheni pale Ifakara, akachovya mguu kwenye beseni, akachukua kipande cha tofali na kuanza kusugua nyayo polepole, kisigino, ubavu wa mguu, hadi chini ya vidole, mpaka sugu zote zilainike. Akimaliza anajifuta kwa taulo kuukuu, anapaka mafuta ya nazi kidogo, ndipo anavaa kandambili na kwenda kufungua boneti ya gari.

Madereva wenzake hawakumwacha salama.

"Bwana harusi, leo posa inapelekwa wapi?"

"Kwa shangazi yako," anajibu bila kuinua kichwa. "Ameshakubali. Tunakusubiri wewe utubebee sanduku."

Stumai naye alicheka siku za mwanzo. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, ameendesha bajaji pale Kibaoni miaka minne, halafu akasomea leseni ya magari makubwa, na zahanati ilikuwa imemchukua kwa majaribio. Juma la pili alishindwa kuvumilia, akamwuliza.

"Mzee, shikamoo. Hivi unajipaka mafuta ya nini, na huko tunakokwenda ni matope matupu?"

"Marahaba. Mguu wenye sugu ni kiziwi, mwanangu. Ukikanyaga mchanga unakwambia tope, ukikanyaga tope unakwambia mchanga. Halafu unalaza gari mtoni na watu wanakusubiri."

"Basi na mimi nisugue?"

"Wewe bado. Miguu yako ni ya bajaji. Haijakanyaga kitu zaidi ya breki."

Huko walikokuwa wanakwenda ni Lifumbo, ziwa lililolala ndani ya msitu, mbele ya Mlimba, upande wa kwenda Masagati. Barabara haipo. Ipo njia inayopita kati ya miti ya miyombo, inashuka mabondeni, inapotea kwenye majani marefu na kuonekana tena ng'ambo, na katikati yake kuna mito kumi na mmoja isiyo na daraja hata moja. Pembeni mwa ziwa kuna dago, yaani kambi ya wavuvi, ambalo kwa miaka mingi limegeuka kuwa kijiji. Watu wanazaliwa pale na wanazikwa pale. Mara moja kwa mwezi, masika yakiisha, gari la zahanati linawafikia na nesi, mizani ya watoto na sanduku la chanjo. Gari lisipokwenda, mama atambeba mtoto mgongoni siku mbili kwa mguu hadi Mlimba. Wengine hujaribu. Wengi hukaa na kumwomba Mungu.

Mtu aliyeweza kufikisha gari Lifumbo alikuwa mmoja tu, na jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa. Madaktari walimtoa mtoto wa jicho, lakini jicho halikurudi. "Mtoto aliondoka na mama yake," mzee Dionisi alizoea kusema, na watu wakicheka naye anacheka. Ila Stumai alimwona siku moja akitaka kumimina mafuta kwenye tanki, akimimina pembeni, akirudi nyuma kutazama kama mtu aliyetukanwa. Baadaye mzee alimwambia mwenyewe. "Kwa jicho moja, maji yote yanaonekana bapa. Dimbwi na mto naviona sawa."

Bwana Maximilian, msimamizi wa magari, alikuwa mtu wa haki lakini hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwezi wa sita aliwaita wote wawili ofisini.

"Safari hii ataendesha Stumai, kwenda na kurudi. Gari likirudi salama, njia ya Lifumbo inaendelea. Likilala porini, au wewe mzee ukashika usukani hata mara moja, njia tunaifuta kwenye ratiba. Siwezi kupeleka watu kufa."

"Nimekuelewa," alisema mzee Dionisi.

Stumai alipotoka nje aligundua kwamba mkono wake ulikuwa umekunja karatasi ya safari mpaka imekuwa kama kitambaa.

*

Walilala Mlimba, na asubuhi umande ukiwa bado juu ya majani waliingia msituni. Gari lilikuwa mkonga, yale magari magumu yenye bomba la hewa lililopandishwa ubavuni hadi usawa wa paa ili yasinywe maji. Stumai alikuwa kwenye usukani, mzee Dionisi kushoto kwake, na nyuma nesi Digna amekumbatia sanduku la chanjo kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

Njiani mzee alizungumza kuliko siku zote. Alisema amezaliwa Masagati. Njia hii aliijua kabla ya kulijua gari, maana mama yake alikuwa akibeba mahindi kichwani kwenda kubadilishana na samaki Lifumbo, na yeye, akiwa na miaka saba, alimfuata nyuma ameshika pindo la kanga ili asipotee kwenye majani. Alipokua alifanya kazi relini, kubadilisha mataruma, miaka sita. Kisha akawa utingo kwenye lori la mbao, dereva wa lori akaugua malaria katikati ya pori, na Dionisi akalitoa lori kwa gia moja tu mpaka Mlimba kwa sababu gia nyingine hakuzijua.

"Ndivyo ulivyojifunza udereva?" aliuliza nesi Digna.

"Ndivyo. Nilipofika nikaambiwa zipo nne. Nilisikitika sana."

Kila mto alikuwa ameupa jina. Wa kwanza ni Mto wa Padri, kwa sababu kofia ya padri mmoja ilichukuliwa na maji pale. Wa tatu ni Sufuria. Wa sita ni Mama Mkwe.

"Kwa nini Mama Mkwe?"

"Uso wake mtulivu. Ndani ana mambo yake. Na huendi kwake na viatu."

Mito mitano ya kwanza Stumai aliifanya kama alivyofundishwa. Anasimamisha gari, anavua raba, anakunja suruali, anaingia majini na fimbo, anatembea pale tairi la kulia litakapopita, anarudi pale la kushoto litakapopita. Mzee anabaki kwenye kiti. Maji yalikuwa ya baridi ya milimani, na katika mto wa nne mzizi ulimchana chini ya unyayo. Kufika wa tano miguu ilikuwa imekufa ganzi, na jua lilikuwa limeshapanda.

Mto wa sita ulikuwa mpana, maji yake yamelala kama shuka. Na pale ukingoni Stumai aliona kitu kilichomfurahisha moyo: alama mbichi za pawatila, trekta dogo la mkono. Wakulima walikuwa wamefungua majaruba mapya hadi huku ndani wakati wa masika, na mtu mmoja alikuwa amepita asubuhi hiyohiyo na tela la mpunga, punje zikiwa zimemwagika njiani. Alama ziliingia majini zimenyooka, na ng'ambo zilitoka zimenyooka vilevile. Akawaza, kama mtu amepita na magunia, mimi ninashuka kupima nini? Akamtazama mzee kwa pembe ya jicho. Mzee alikuwa ameweka mikono juu ya mapaja, anatazama mbele.

Stumai akaingiza gia ya kwanza na kwenda.

Magurudumu ya mbele yalipita hatua tatu, kisha pua ya gari ikashuka taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti. Alikanyaga mafuta, nyuma kukazama pia. Maji yakaanza kuingia chini ya milango. Nesi Digna akainua sanduku mpaka kifuani, akanyanyua miguu juu ya kiti.

"Zima," alisema mzee Dionisi kwa sauti ya kawaida.

Alizima. Msitu mzima ukawa kimya, isipokuwa maji yaliyokuwa yakinong'ona chini ya gari.

"Mzee," alisema nesi Digna, "uliona kwamba hakushuka kupima?"

"Niliona."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, angejifunza hapa tu. Mbele kuna mito mitano."

"Na mimi na chanjo zangu tulikuwa darasa la nani?"

"Wewe shika sanduku, nesi. Barafu ipo mpaka kesho. Kila mtu na usukani wake."

Stumai alisikia masikio yakiwaka moto. Hakuogopa maji, maji hayakuwa yanapanda. Aliogopa ratiba. Aliuona ubao wa ratiba ofisini, mstari wa Lifumbo, na mkono wa Bwana Maximilian ukiufuta. Akamgeukia mzee, naye alikuwa ameshapanda dirishani, ameteremka kwa uangalifu wa mtu mwenye jicho moja, ametembea hadi ukingoni na kukaa juu ya gogo. Akatoa muhogo wa kuchemsha mfukoni.

"Mzee, nifanyeje?"

"Mimi ni abiria. Abiria hafundishi dereva." Akamega muhogo. "Ila siku bado ndefu."

Stumai aliteremka. Maji yalimfika mapajani. Alivua raba na kuzitupia juu ya boneti, akazunguka gari akikanyaga. Chini ya tairi za mbele hakukuwa na kitu, ni uji. Chini ya tairi za nyuma, uji pia, lakini hatua moja na nusu nyuma ya tairi la kushoto mguu wake uligusa kitu kilichokwaruza. Alirudi akakanyaga tena. Mchanga. Kwa hiyo gari litoke kinyumenyume, hakuna mbele.

Alileta jeki. Jeki ilizama yote, hata mpini ukabaki kidogo. Akaichomoa, akaiweka tena, ikazama tena.

Hapo ndipo ilipotokea pawatila yenyewe, ikirudi kutoka ng'ambo na tela tupu, na mwenye nayo, kijana mmoja anayeitwa Ignas, akaisimamisha ukingoni akacheka mpaka akashika tumbo.

"Dada, hiyo njia ni yangu. Ni ya trekta ya mkono, siyo ya nyumba."

"Si umepita asubuhi na magunia?"

"Nimepita. Wewe huoni nimevaa nini?" Akaonyesha magurudumu ya pawatila, yale ya chuma, mapana, yenye mabapa kama makasia, ya kulimia majaruba. "Hii inaogelea. Inapita juu ya tope kama bata. Wewe umekuja na tembo." Kisha akamwona mzee kwenye gogo. "Mzee Dio, shikamoo. Leo umekuwa abiria?"

"Marahaba. Nimekuwa abiria. Kiti cha kushoto kitamu, miaka yote hii sikujua."

Stumai hakucheka. Alikuwa anatazama yale mabapa ya chuma. Bata hazami kwa sababu mguu wake ni mpana. Akatazama jeki, kitako chake kidogo kama kisahani. Akaenda nyuma ya gari, akafungua tairi la akiba, akalilaza chini ya maji kando ya gari, akasimamisha jeki juu yake. Akapiga mpini. Jeki ilizama kidogo, ikasita, ikasimama. Gari likaanza kuinuka.

Mzee aliacha kutafuna.

"Nani kakufundisha hilo?" aliuliza.

"Huyu na bata wake," alisema Stumai, bila kugeuka.

Ignas, kwa kusifiwa namna hiyo, hakuweza tena kukaa pembeni. Alichukua panga, wakakata matete na matawi, wakayashindilia chini ya kila tairi, moja baada ya jingine. Stumai akapunguza upepo wa tairi zote nne mpaka zikalegea na kutambaa kama nyayo za tembo. Mara ya kwanza gari lilitikisika tu. Mara ya pili lilirudi mkono mmoja likakwama. Wakashindilia upya. Mara ya tatu Ignas na nesi Digna walisukuma kwa mbele, maji yakiwarukia usoni, tairi la kushoto likakamata mchanga, na gari likarudi ukingoni likitiririka kama kiboko. Muda wote huo usukani haukuguswa na mtu mwingine.

Stumai hakupumzika. Aliingia mtoni tena peke yake na fimbo, akapanda juu kufuata maji, akikanyaga, akisimama, akikanyaga. Hatua arobaini juu, mahali mto ulipopinda chini ya mkuyu, alikuta mchanga mgumu kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Alikwenda na kurudi mara mbili. Kisha akalipitisha gari pale, na maji hayakufika hata kwenye sakafu.

"Mama Mkwe amehamia juu," alisema mzee Dionisi walipotoka ng'ambo. "Masika yamemhamisha. Ningepita pale pa zamani hata mimi ningelala." Akageuka kuutazama mto. "Hata mimi, mwanangu."

Mito mitano iliyobaki Stumai alishuka yote. Hakuna aliyemwambia.

*

Ziwa Lifumbo halionekani kwa mbali. Miyombo inaisha, majani yanaanza, kundi la sheshe, swala wa mabondeni, linainua vichwa na kukimbia kwa kurukaruka, halafu ghafla maji yako mbele yako, mapana, na mitumbwi imepandishwa ufukoni kama viatu mlangoni. Dagoni walikuwa wameshasikia mngurumo. Wanawake walikuwa wamesimama na watoto mgongoni, na Beatus, mwenyekiti wa dago, alikuwa amevaa shati la kanisani.

Aliyefika kwanza garini ni bibi Scolastica, aliyezalisha nusu ya watu wa pale. Akachungulia.

"Mbona Dio yuko upande huo?"

"Nimestaafishwa, dada."

"Na aliyeendesha?"

"Huyu."

"Huyu mdogo?" Bibi akamtazama Stumai, nywele zenye matope, suruali iliyochanika gotini. "Umepita Mama Mkwe wewe?"

"Amenipitisha, bibi. Ila kwanza alinikaribisha ndani."

Kicheko kilizunguka dago lote, na tangu hapo Stumai hakuwa mgeni tena. Nesi Digna alitundika mizani kwenye mti akaanza kazi, watoto wakilia kwa zamu. Watoto thelathini na wawili. Mama mmoja alikuja na pacha wawili waliozaliwa mwezi wa tatu, njia ikiwa imefungwa na maji, nao hawakuwa wamewahi kuonwa na nesi. Walipopimwa wakaonekana wazima, mama yule alikaa chini ya mti, akawalaza mapajani, akatulia, hakutaka kuondoka.

Jioni jua likiwa bado juu ya maji walikula. Dagoni pale kuna desturi: kichwa cha samaki mkubwa wa siku ni cha mtu aliyewafikia kwa njia ngumu. Bibi Scolastica alileta kichwa cha kambale kwenye sahani ya bati, kimezungukwa na wali mpya, akakiweka mbele ya mzee Dionisi, kama alivyofanya miaka ishirini na mitatu. Mzee alikitazama. Akaisukuma sahani kwa kidole kimoja mpaka ikafika mbele ya Stumai.

"Dereva ni huyu."

Bibi hakubisha. Alichukua kijiko akamwekea Stumai mchuzi zaidi. "Kula, mwanangu. Mashavu kwanza, ndiyo yenye utamu. Mungu akuweke."

Stumai alikula akiwa ameinamisha uso. Kwao Ifakara amekula kambale mara nyingi, lakini kichwa hakuwahi kupewa.

*

Asubuhi gari lilikuwa tayari, upepo umeongezwa kwenye tairi kwa pampu ya mguu, mizani imefungwa, nesi Digna ameshakaa. Mzee Dionisi akatoka kwenye kibanda cha Beatus na mkoba begani.

"Mkoba uweke nyuma, mzee," alisema Stumai.

"Huu hauji na gari. Naenda Masagati kwa dada yangu Odilia. Kwa mguu ni mwendo wa saa nne, nikipumzika tano."

Stumai akashuka. "Na sisi?"

"Ninyi mna gari."

"Mzee, Bwana Maximilian atauliza."

"Mwambie ukweli, kwamba mzee alishukia ziwani. Mimi nikirudi nimekaa kando yako, watasema gari limeletwa na mzee. Hata nikifunga mdomo mito yote kumi na mmoja, watasema nilikonyeza. Na jicho la kukonyezea ninalo moja tu." Akatabasamu. "Nenda mwenyewe, ndipo njia haitafutwa."

"Kuna Mama Mkwe."

"Yupo. Msalimie."

Stumai alikuwa na maneno mengi. Alitaka kumwambia kwamba pale Kibaoni hakuna mtu aliyewahi kumwacha akosee bila kumtukana. Kilichotoka ni kidogo.

"Asante, mzee."

"Hapana. Mimi ndiye wa kushukuru." Mzee Dionisi aliweka mkoba chini kwanza, kama mtu anayetaka kulisema jambo vizuri. "Nilidhani njia hii itakufa na jicho langu. Nimelala miezi mitano nikiwaza watoto wa hapa. Jana ulipolilaza lile tairi chini ya jeki, nilisema, Mungu wangu, sasa naweza kwenda kulima. Umeniondolea mzigo, mwanangu. Wewe hujui."

Kesho yake jioni gari lile lilikuja kuingia uani kwa zahanati na matope hadi madirishani, na Bwana Maximilian akalizunguka mara mbili, kisha akaandika ubaoni kwa chaki: Lifumbo, mwezi wa saba, Stumai. Lakini asubuhi ile hakuna aliyeyajua hayo. Stumai alijua tu kwamba mito ilikuwa inamsubiri.

Bibi Scolastica alimletea mzee samaki wakavu waliofungwa kwenye majani ya mgomba. Watoto walimsindikiza hadi mwisho wa mitumbwi. Alipeana mikono na kila mtu, hata na yule mama wa pacha, akatupa mkoba begani, akashika kijia kinachopanda kwenye miyombo.

Stumai alipanda garini akawasha. Hakuondoka. Alitazama shati la kijivu likipanda, likifichwa na shina, likionekana, likifichwa.

"Tumsubiri kidogo?" aliuliza nesi Digna. "Labda ataghairi."

"Hataghairi," alisema Stumai.

Walisubiri hata hivyo. Majani yalitikisika mara moja juu kabisa, mahali kijia kinapopinda kuelekea Masagati, kisha yakatulia. Mzee Dionisi hakurudi.